Kitabu Kwenye Mkeka wa Maharagi

Nilirudi Nyabiondo, katika milima ya Masisi huku Kongo, kumzika shemeji yangu, na pikipiki iliyonibeba ikapita pale ilipokuwa nyumba ya mzungu aliyelima pireta, maua ya dawa ya wadudu. Imebaki ngazi ya mawe tu. Pembeni watu wamepanda mihogo. Nilimwomba kijana asimame. Nikamwambia kwamba nilizaliwa chini ya kile kilima, katika kambi ya wafanyakazi.

"Pale hakukuwako kambi, mama," akasema.

Sikubishana naye. Lakini wewe nikueleze, maana tuliobaki kuikumbuka ni wachache.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa ya wazungu. Asubuhi ukungu ulilala mabondeni, na kapita, yaani msimamizi wa kazi, aligonga kipande cha chuma kilichoning'inia mtini ili watu waamke. Baba alienda kulima, mama nasi watoto tulichuma maua ya pireta, yale meupe yenye moyo wa njano, mpaka vidole vikanuka dawa siku nzima, hata ukishika chakula. Jioni ilikuwa bugali na sombe ya majani ya mihogo, na moshi wa kaliptusi machoni.

Dada yangu mkubwa hakuchuma maua. Yeye alimlea binti mdogo wa yule mzungu. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye sauti kubwa, na tayari alikuwa amechumbiwa na fundi seremala wa misioni.

Madamu, mke wa mzungu, alitoka upande wa Ubelgiji ambako watu wanazungumza Kijerumani. Mume wake hakutaka kuisikia lugha hiyo nyumbani mwake. Ndugu zake waliuawa na Wajerumani vitani, na hasira hiyo alikuja nayo mpaka Masisi. Lakini madamu alikuwa na kitabu kikubwa cha hadithi za Kijerumani, alichoachiwa na mama yake, chenye picha za rangi: misitu myeusi, mbwa mwitu, mabinti wa wafalme, wachawi wenye pua ndefu. Bwana akishuka Goma, madamu alimsomea mtoto, kisha akamweleza dada kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, ili naye aweze kumsimulia mtoto. Bwana akikaribia kurudi, kitabu kilifungwa ndani ya kitambaa, na dada akaja nacho kwetu.

"Unichungie," madamu alimwambia. "Kwenu bwana hataangalia."

Basi hadithi zile zikafika kambini. Mama akisonga bugali, dada alifungua kitabu kwenye magoti na kutuonyesha picha. Mfalme akawa mwami, mtawala wa kwetu, na msitu ukawa pori la Walikale, alikozaliwa mama. Mchawi alimsemesha kwa sauti ya puani. Mbwa mwitu alimfanya angurume mpaka mdogo wangu akajificha nyuma ya mtungi. Kisha dada mwenyewe alishindwa kuendelea kwa kucheka. Mama alijifanya hasikilizi, lakini mwiko wake ulizunguka polepole.

"Hii ya batoto benye kuachwa mu pori, hata kwetu iko," alisema siku moja. "Bazungu baliisikia wapi?"

Majira ya mvua, paa letu likavuja na kitabu kikalowana. Jumapili jua lilipotoka, dada alikifungua kwenye mkeka uani, kando ya maharagi tuliyoanika. Mimi nilikuwa nafukuza kuku. Hakuna aliyetazamia kwamba bwana angeshuka kambini Jumapili, lakini alikuja na kapita kuangalia mfereji uliobomolewa na mvua. Akasimama mbele ya mkeka. Akainama, akageuza ukurasa mmoja kwa kidole.

Dada na baba wakapelekwa kwenye baraza la nyumba kubwa. Mama akanishika mkono, tukafuata.

"Kitabu hii ilifika kwako namna gani?" bwana aliuliza.

"Ni madamu njo alinipatia, nimuchungie," dada akajibu.

Bwana akamgeukia mke wake. Madamu alikuwa amemshika mtoto begani, uso umekuwa kama chokaa. Akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Sikumupatia. Kitabu ilikuwa mu sanduku. Sikufungua ile sanduku tangu tufike."

"Madamu," dada akasema, bila kupaza sauti, "sema kweli."

Yule mtoto akaanza kusema kitu, kwa Kijerumani. Mama yake akamziba mdomo.

"Bwana, mutoto yangu haiko mwizi," baba akasema. Kapita akamwambia anyamaze.

Kitabu bwana alikipeleka jikoni mwenyewe na kukitia motoni. Kesho yake tukaambiwa tuondoke kwenye nyumba. Maharagi hayakuwa yamekauka. Mama aliyafunga hivyo hivyo, na njiani yakaota ukungu. Kabla hatujaondoka, watu wa seremala walituma habari kwamba hawawezi kuingiza mwizi katika ukoo wao. Seremala hakuja kuaga.

Tulienda Walikale kwa miguu, kwa wajomba. Porini miti ilifunga anga hata saa sita mchana, na mimi niliogopa. Nikamwomba dada anisimulie kidogo, hata mwanzo tu.

"Tembea," akasema.

Huko aliolewa mke wa pili na mwindaji aliyempita baba umri. Alizaa, alilima, aliimba kanisani pamoja na wengine. Watoto wake hawakusikia hadithi hata moja kutoka kinywani mwake. Walikuja kwangu, nami nilijaribu, lakini nilijua mianzo tu, na sauti zile sikuziweza. Wakachoka, wakaenda kucheza.

Mara moja tu, tukiwa wazee, nilithubutu kumwambia kwamba labda madamu aliogopa kupigwa na mume wake. Dada aliendelea kubambua karanga.

"Najua aliogopa," akasema. "Hata mimi niliogopa. Lakini mimi nilisema."

Hatukurudia maneno hayo tena. Dada alipofariki huko Walikale, kati yetu tuliotoka pamoja Masisi ni mimi peke yangu niliyefika. Baba, mama na mdogo wangu walikuwa wametangulia. Mbele ya kaburi katekista akamsifu kwamba alikuwa mama mtulivu, asiyependa maneno, aliyezaliwa na moyo wa kunyamaza, akawaambia wasichana wamwige. Watu wakaitika. Watoto wake nao wakaitika, kwa sababu ndivyo walivyomjua. Pale kaburini hapakuwa na mwingine aliyewahi kumsikia akinguruma na kucheka mpaka ashindwe kuendelea, na mimi sikuwaambia.