Masizi Kichwani mwa Baba

Nywele za baba zilianza kuota mvi mwaka aliofariki mama, na msimu wa kahawa uliofuata ulikuta kichwa kizima kimekuwa cheupe. Mwenyewe hakuwa mzee. Alibeba gunia la kahawa toka kwenye lori mpaka ndani ya ghala bila kupumzika, na vijana wa mtaani kwetu Majengo hawakuthubutu kushindana naye. Lakini enzi zile za Mwingereza kibarua alichaguliwa kila asubuhi. Walipanga mstari mbele ya ghala, wakavua kofia, mnyapara akapita akiwakagua kwa macho. Mwenye mvi aliambiwa, "Mzee, nenda kapumzike." Aliambiwa kwa heshima kabisa, na kwa heshima hiyohiyo akarudi nyumbani kushinda na njaa.

Baba alirudishwa siku nne mfululizo. Siku ya nne alikaa kizingitini na koti lake mwilini mpaka jua likawa kali. Mimi sina moyo wa subira, na sikuwa nao hata nilipokuwa msichana wa miaka kumi na sita. Nilimwambia, "Baba, hicho kichwa tutakipaka rangi."

Nilianza na kahawa. Niliichemsha mpaka ikawa nzito, nikamkanda nayo, nikamwacha juani. Nywele zikatoka rangi ya kutu. Nilipotaja hina alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Unataka waseme nimetoka kuhiji?" Kweli, wazee waliopaka hina ndevu zao mtaani kwetu tuliwajua wote, na hakuna hata mmoja aliyedhaniwa kijana. Ndipo nikageukia sufuria. Nilikwangua masizi, nikayachekecha kwa kitambaa, nikayachanganya na mafuta ya nyonyo. Mafuta yakizidi, rangi ilichuruzika shingoni. Yakipungua, masizi yalipukutika mabegani. Siku ya tatu nilipata kipimo.

Alfajiri, akishaswali, alikaa kwenye kigoda nikampaka kwa kidole, kidogo kidogo, sikuacha hata unywele mmoja. Nikamfuta masikio na paji la uso. Asubuhi hiyo mnyapara alimchagua bila kumtazama mara mbili. Kazini wachukuzi walijifunika vichwa kwa magunia yaliyokunjwa, basi hata jasho lilipotiririka hakuna aliyejua limetoka na nini. Jioni nilimwosha kwa sabuni, tukaanza tena kesho yake. Nyumbani ndizi zikarudi jikoni, na nyama mara mojamoja. Nilijiona nimeshinda dunia.

Siku moja saa saba nilimpelekea kiburu, ndizi na maharage nilivyoviponda pamoja. Nyuma ya ghala wenzake walikuwa wamesimama safu wakiswali adhuhuri. Baba alikuwa peke yake juu ya magunia, amewapa mgongo.

"Baba, mbona huswali na wenzako?"

Alipokea bakuli, akaliweka chini. "Nikipitisha maji kichwani, haya masizi yatashuka. Yasiposhuka, basi mafuta yamezuia maji. Udhu gani huo? Mnyapara namdanganya, mama. Mungu simwezi."

"Sasa unaswali saa ngapi?"

"Ukishaniosha jioni. Nazilipa zote."

Nilikuwa nimeona kwamba jioni alikaa sana kwenye mkeka. Nilidhani anamwombea mama. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake: kwamba Mungu kama anaona masizi, basi na njaa yetu anaiona. Alikula mpaka akamaliza, akanirudishia bakuli.

Baba alizaliwa Kibosho, kule mlimani, akabatizwa hukohuko, akashuka mjini kutafuta kazi, akasilimu ndipo akamwoa mama. Swala alifundishwa akiwa mtu mzima, na alifanya kila kitu vilevile alivyoonyeshwa. Alionyeshwa kupaka maji kichwa kizima, toka mbele mpaka kisogoni na kurudi, basi kwake udhu ulikuwa huo. Aliyemfundisha ni mjomba, kaka yake mama, aliyesomesha watoto Kurani chuoni na kukaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Jioni ile nilimwambia baba twende tukamuulize.

"Siendi," alisema. "Atasema mtu wa mlimani miaka yote hii hata udhu hajaujua. Tena nimwambie napakwa masizi na binti yangu? Kahawa ikiisha tutaacha."

Ningeweza kwenda mwenyewe. Nilipita mlangoni kwa mjomba kila siku nikienda bombani, nikamwamkia shikamoo, akaniuliza hali ya baba, nikasema hajambo. Niliona haya. Na kusema kweli niliogopa atatukataza, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa na njaa.

Msimu ulikuwa umebakiza wiki mbili walipomleta kwa mkokoteni. Wenzake walinieleza kwamba walimwacha amekaa juu ya magunia, wakaenda kuswali adhuhuri, na walipotoa salamu wakageuka wakamwona ameinama. Walidhani amesinzia. Walizungumza kwa sauti ya chini, na mmoja wao hakuweza kunitazama, kwa sababu nilimuuliza kama baba naye alikuwa ameswali.

Mjomba alikuja na wanaume wawili kumwosha kwa ajili ya maziko. Walitundika shuka kwenye mlango wa chumba cha ndani, na mimi nikapewa kazi ya kuteka maji. Nilipeleka ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliposogeza ya nne karibu na shuka nilisikia mmoja wao akisema, "Bado." Nilijua ni kitu gani.

Mjomba alitoka, mikono imelowa mpaka viwikoni, na kwenye kucha zake weusi umeingia.

"Mwanangu, baba yako alikuwa na ugonjwa gani kichwani? Maji hayatakati."

"Ni masizi, mjomba. Nilimpaka mimi, ili apate kazi." Nikamweleza yote, na swala za mchana, na kwa nini alizikosa. Nilitaka anipige. Nilitaka mtu yeyote anipige.

Alikaa palepale chini ukutani, mtu aliyekuwa hapendi kuchafua kanzu yake.

"Mngeniuliza," alisema. "Mimi nilimfundisha kupaka kichwa kizima kwa sababu ndiyo bora zaidi. Sikumwambia kwamba sehemu ndogo inatosha. Ungemwachia nywele chache kisogoni, zisiguswe na masizi wala mafuta, akazipitishia maji, angeswali kila siku na wenzake."

Kutoka ndani waliita tena maji. Nilichukua ndoo nikaenda bombani.