Siku Niliyompigia Mkwe Ukelele

Mimi kusoma sikusoma. Nilitoka chuoni na juzuu mbili na alama za bakora, basi mniwie radhi nikipita kando. Lakini woga naujua. Woga wa miaka ile ya hamsini, nilipokuwa kibarua wa kiwanda cha katani upande wa Msambweni, bado ninao tumboni.

Kiwanda kilikwangua majani ya mkonge, na maji yake mazito, yenye uvundo wa mzoga, yalipita mtaroni mpaka horini, ule mkono wa bahari ambamo wanawake wetu walivua kwa kutanda shuka. Kila mwaka Bwana Afya huteremka kutoka Kwale kuukagua mtaro. Akiridhika, hutia saini leseni. Asiporidhika, mashine huzimwa, sote twarudi kwenye mihogo. Na safari iliyopita alikwisha kuonya: uvundo ukizidi, hatii saini.

Nyapara akaniita. "Kesho yuaja. Sitaki anuse kitu. Fanya ujuavyo."

Nami najua nini? Najua choo. Kwetu choo cha shimo kikinuka hutiwa chokaa. Choo cha marehemu baba hata wageni wa harusi walikisifu, lakini hayo tuyaache. Nikaibeba chokaa yote iliyoletwa ya kupaka kuta, mbichi, haijazimwa, nikaimwaga mtaroni. Maji yakatokota, yakafuka. Uvundo ukapungua kweli. Nikaenda nyumbani najiona mganga.

Asubuhi Bwana Afya akaja na motokaa. Akanusa hapa, akanusa pale, akaitandaza karatasi juu ya boneti. Mimi nikatupa jicho horini. Samaki, mikizi na chaa, wanaelea, matumbo juu, na wanawake wamo majini mpaka magotini, wanaokota.

"Leo Mungu kafungua mkono!"

"Shoga, huyo wangu, usinikanyagie!"

Nikamnong'oneza nyapara: "Wamekufa kwa chokaa yangu hao. Watu wakila watakufa."

"Funga mdomo. Saini kwanza. Akishaondoka tutawaambia."

"Akishaondoka watakuwa washapika!"

"Wewe na chokaa yako! Wataka watu wote walale njaa?"

Nikanyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza, na kama si niliyemwona baadaye, pengine ningenyamaza mpaka mwisho. Nilimwona mama mkwe. Kwetu mtu na mkwewe hawatazamani. Tukikutana njiani mimi huingia kichakani, yeye hujifunika leso. Tangu nioe nilikuwa sijapata kumwambia neno ila kwa kinywa cha mke wangu. Na pale leso ameikunja juu ya magoti, kikapu kimejaa, anageuka kwenda zake nyumbani. Nyumbani kwake ndiko wanangu wawili walikoshinda.

Nilitaka kumtuma mtu. Nani? Bwana Afya ameshaitoa kalamu. Sauti ikanitoka yenyewe:

"Mama! Mwaga samaki! Wana sumu, mimi ndiye niliyeitia!"

Mama mkwe, kwa haya, akaketi humo humo majini mpaka shingoni, kikapu kikaelea kivyake. Bwana Afya akaifunika kalamu yake.

Mashine ikazimwa mpaka tulipochimba mashimo ya kutuliza maji, na wenzangu walinitukana kwa kila jembe. Kuna waliokula wale samaki kwa siri, wakaamka wazima. Mpaka leo sijui kama wangemdhuru mtu. Ila siku zile, mwanamke akiita tu kwa mbali, nilisikia baridi mgongoni nikidhani ni kilio cha msiba.

Wiki ya pili nikakutana na mama mkwe njiani. Nikajitupa kichakani kama desturi. Akasimama, uso kaufunika, akauambia mti wa mkanju:

"Mkwe wangu kumbe ana sauti."

Akapita. Nyuma yake wanangu wawili, wazima, midomo imejaa mabungo.