Mama Mita na Rangi ya Zambarau

Kwa miaka ishirini Mama Mita, fundi wa maabara, alipima jinsi umeme unavyopita kwenye plazma, yaani gesi iliyopashwa moto mpaka ikang'aa ndani ya bomba la kioo. Wiki hiyo vipimo vilitoka nusu ya hesabu za daktari kijana wa fizikia, naye akawa mbogo, akichana karatasi.

“Hesabu zako ziache, mwanangu,” Mama Mita alimwambia. “Gesi hii huwaka zambarau. Mbona leo ina rangi ya waridi? Kuna hewa inaingia.”

Akakaza kifuniko, akapaka grisi, wakajaza gesi mpya. Mshale wa kipimo ukapanda, ukatua palepale kwenye hesabu. Daktari akarukaruka kwa furaha.

“Kacheze kule mlangoni, utanivunjia bomba!” Mama Mita alifoka, mabega yake yakiwa yameshaanza kucheza.