Midoriani ya Nyandang

Zamani pale mto Seruai mwenye shamba alijulikana kwa idadi ya watu walioshiba chini ya miti yake. Siku hizi anajulikana kwa waya aliozungushia shamba lake.

Baba Luta alikuwa mtu wa zamani. Midoriani ya kilimani, yenye matunda makubwa ya miiba, ilipandwa na babu yake, Nyandang, na nyumba ndefu nzima, yaani familia zote zilizoishi chumba kwa chumba chini ya paa moja, iliiita miti ya Nyandang. Hata Kilat, jirani wa chumba cha pili, aliiita hivyo, mpaka alipokwenda mjini kimyakimya kuomba hati ya kilima kwa jina lake. Baba Luta akamshtaki. Aliiona kesi nyepesi: mti una jina la babu yako, watakuuliza nini tena?

Desturi ilikuwa kwamba doriani ikianguka ni ya aliyeiokota. Msimu ukifika watu walihamia kilimani, na Baba Luta ndiye aliyewajengea kibanda cha kusubiria doriani zianguke.

"Mzee," wakili wa Kilat alimuuliza mahakamani, "huyu anaokota doriani pale tangu lini?"

"Tangu hajaota meno. Mimi ndiye niliyekuwa namtafunia."

Watu wakacheka.

"Uliwahi kumkataza?"

Hapo Baba Luta akauona mtego. Neno moja tu, "Ndiyo", na kilima kingekuwa chake. Lakini nyuma yake walikaa watu wa nyumba ndefu, wote waliokula pale, na mtu aliyemnyima mwenzake doriani iliyoanguka husimangwa mpaka wajukuu wake.

"Nimkataze, kwani mimi mchoyo?"

"Jibu swali, mzee."

"Sikumkataza. Wala baba yake sikumkataza."

"Na kile kibanda?"

"Nilikijenga mimi, wasinyeshewe. Muulize mwenyewe, kalala humo miaka yote."

"Kalala humo miaka yote," wakili akarudia taratibu. "Ahsante, mzee."

Jaji aliusifu sana ukweli wa Baba Luta, kisha akautumia ukweli huohuo kumpa Kilat kilima, kwa kuwa amekitumia miaka mingi bila kupingwa na mtu.

Njiani kurudi majirani walimpongeza. "Umejiwekea jina, Baba Luta."

"Jina nilikuwa nalo. Nilikwenda kutafuta kilima."

Msimu uliofuata alipita chini ya kilima. Kilat na mkewe, Mama Sanong, walikuwa kibandani, ndani ya waya wenye lango na kufuli.

"Baba Luta," mwanamke akaita, "zinaanguka tele, sisi wawili hatuzimalizi. Njoo uokote."

Kilat akamshika mkono. "Wakili kasema asiingie mtu. Akiokota leo, kesho ni ushahidi."

"Lakini ni Baba Luta huyu."

"Huyo hasa."

"Mwache, mwanangu," Baba Luta akasema. "Mwenzio kasoma sheria."

Doriani ikaanguka, kisha nyingine, wala hakuna aliyeinuka. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona pale kilimani: wamekaa wawili katika kibanda alichokijenga yeye, wanailinda miti ya Nyandang isije ikashibisha mtu.