Vita vya Bwawa la Mikunga

Baba yangu, Bithus, alishika usukani wa meli ya kivita kwa karibu miaka ishirini na sita na hakuwahi kumwona adui. Si kosa lake. Bahari yote ilikuwa yetu, ng'ambo hii na ile, na adui wa mwisho alizamishwa kabla babu hajazaliwa. Meli za Miseno, bandari yetu, zilipeleka barua, zilibeba wakubwa waliokuja kupunga hewa, na kila kiangazi mabaharia walipelekwa Roma kuvuta kamba za maturubai juu ya uwanja wa michezo, watazamaji wasiungue na jua. Jirani yetu mmoja alivunjika mguu kwenye kazi hiyo, akahesabiwa majeruhi wa vita.

Vyeo, hata hivyo, vilikuwa tele. Meli ya baba iliitwa Mapatano, na ilikuwa na wakubwa wawili. Nahodha, Mgiriki mwembamba aitwaye Zosimo, alikuwa mkubwa wa safari. Akida wa askari, Pudens, mwenye kifua kama pipa, alikuwa mkubwa wa vita. Hakuna aliyewahi kuwaambia safari inaishia wapi na vita vinaanzia wapi. Na kwa kuwa vita havikuwepo, Pudens alikaa kivulini, akaipaka mafuta fimbo yake ya mzabibu, alama ya cheo chake, na kungoja.

Mama naye alikuwa akingoja. Baharia haruhusiwi kuoa mpaka amalize utumishi na kuagwa kwa heshima. Hapo ndipo anakuwa raia wa Roma, na mwanamke anayeishi naye anakuwa mke. Kabla ya hapo mama, Faventina, alikuwa "yule wa Bithus" tu, nami, Galla, nilikuwa mtoto wa yule wa Bithus. Zilikuwa zimebaki wiki chache. Mama alikuwa ameshaitia rangi shela ya harusi, rangi ya moto, akaitundika mahali moshi wa jikoni hauifikii. Niliruhusiwa kuigusa nikishanawa mikono.

Ndipo mkuu wa meli zote akatangaza ukaguzi. Mapatano ingeonyesha jinsi meli inavyoigonga meli ya adui. Adui mwenyewe alikuwa chelezo cha mapipa, kilichotiwa nanga mbele ya jumba la tajiri Ostorius ili wageni watazame wakiwa barazani na vikombe mkononi. Ostorius alifuga mikunga, samaki warefu kama nyoka, katika bwawa lililojengewa ukuta baharini. Aliwavisha hereni za dhahabu, na mmoja wao alipokufa, watumishi wote walivaa nguo za msiba.

Siku ikafika. Zumari ikalia, makasia yakazama, meli ikashika kasi.

"Kushoto, Bithus!" Zosimo akasema. "Mkondo unatusukuma."

"Moja kwa moja!" Pudens akanguruma. "Hivi ni vita sasa, na vita ni vyangu."

"Bado hatujagonga. Mpaka tugonge, hii ni safari."

"Safari ya wapi, we muuza zeituni? Adui yule pale!"

"Miaka yote umelala kivulini, leo ndiyo umeijua bahari?"

"Wakubwa zangu," baba akauliza, "niende wapi?"

"Nyamaza!" wakajibu kwa pamoja, na sidhani kama waliwahi kupatana katika jambo lingine.

Baba alikuwa mtu wa kutii. Akanyamaza, na usukani akauacha ulivyo. Mapipa yakapita pembeni salama salimini, na pembe ya shaba ya kugongea, iliyo mbele ya Mapatano, ikazama katika ukuta wa Ostorius kama kidole kwenye uji. Maji yakafoka. Mikunga wakatoka mmoja mmoja kuelekea bahari kuu, hereni zikimetameta.

"Pomponilla!" Ostorius alimlilia mkunga wake kutoka barazani. "Rudi, mwanangu!"

Alasiri ile nahodha, akida na baba waliitwa mbele ya mkuu.

"Nani alikuwa akiamuru?" mkuu akauliza.

"Huyu," wakasema wakubwa wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake.

Mkuu alikuwa akitarajia cheo Roma, na ajali ingemchafua. Ajali pia huhitaji mtu wa kuadhibiwa, na huyo kwa desturi ni mshika usukani. Akamgeukia baba kwa upole.

"Mzee, pengine uliona kitu nyuma ya ukuta ule. Maharamia, kwa mfano."

"Mimi niliwaona!" Pudens akadakia.

"Mimi ndiye niliyewaona kwanza," akasema Zosimo.

"Sijawauliza nyie. Mzee?"

Baba alifikiria kufukuzwa bila heshima. Alifikiria ile shela.

"Niliwaona, mheshimiwa."

"Wakoje?"

Baba hakuwa mzoefu wa uongo, akashika ukweli uliokuwa karibu. "Weusi weusi. Wanateleza. Wamevaa hereni."

Mkuu akaridhika kabisa. Nahodha na akida walivishwa mataji ya dhahabu mbele ya mabaharia wote. Ostorius akaambiwa kwamba ameitoa mali yake kwa ajili ya Roma, na jiwe lenye jina lake litasimamishwa ufukweni. Alibubujikwa na machozi, watu wakadhani ni fahari.

Baba alirudi nyumbani na fimbo mpya. Mama alikuwa ameoka mkate wa asali.

"Wamekuaga, Baba Galla?"

"Wamenipandisha cheo. Mkubwa wa washika usukani wote."

"Nimekuuliza, wamekuaga?"

"Mkuu kasema..." Baba akakohoa. "Kasema mtu aliyewahi kupigana vita haachiwi hivi hivi. Hawana mwingine. Miaka sita tu, Mama Galla."

"Ungesema hukuona kitu."

"Wangenifukuza. Usingekuwa mke wa mtu maisha yako yote."

"Na sasa mimi ni nani?"

Baba aliitazama fimbo yake kana kwamba jibu limechongwa humo.

Mama hakulia. Maziwa ya mbuzi yalikuwa yameganda chunguni, na kitambaa cha kuchujia kilikuwa kimetoboka siku nyingi. Aliinuka, akaishusha shela, akaitandaza juu ya bakuli na kumimina. Jibini la wiki ile lilitoka na wekundu kidogo. Baba alilila lote, bila kuinua macho.