Katani kwenye Gole la Mpangaji

Mume wangu ni fundi bomba, na sijaona mtu anayejiamini kama yeye mbele ya kitu kilichoziba. Mtaa mzima unamwita Zibua. Kwa miaka ishirini na mbili amezibua masinki, vyoo, mifereji ya shule na, mara moja, sikio langu. Ukimwambia maji hayapiti, anakunja mikono ya shati na kutabasamu kama mtu aliyeletewa chai.

Tabasamu hilo halikuwahi kumwingia mama yangu. Siku Zibua alipokuja kuposa, mama aliitazama mikono yake, akaniita jikoni na kusema, "Mwanangu, huyu kazi yake kuchokonoa uchafu wa watu." Nikaolewa vilevile. Baba alipofariki, mama alihamia kwetu na masanduku mawili na kuku mmoja, na kwa miaka minne amelala chini ya bati la Zibua huku akimwita "huyu". Huyu amerudi? Huyu atakula? Zibua wala hakujali. Kila asubuhi alimwamkia, akapokea marahaba ya puani, akabeba mfuko wake wa vifaa akaenda kazini. Mimi ndiye niliyekuwa naumia.

Kuku yule nilimbandika jina la Mpangaji, maana anaishi ndani, halipi kodi na halali bila kulalamika. Baba alimlea tangu kifaranga, mwaka wake wa mwisho duniani, akimlisha kiganjani. Hadi leo kila alasiri mama huketi naye barazani, kuku mapajani, akimweleza habari za siku kama alivyokuwa akimweleza baba. Ukimgusa Mpangaji umemgusa mama mboni ya jicho.

Mdogo wangu alipojifungua, mama alikwenda kumsaidia kwa wiki mbili. "Niangalizieni kuku wangu," aliniambia mimi, macho yakimruka Zibua.

Siku tatu kabla hajarudi, Jumanne asubuhi, nilimkuta Mpangaji amesimama kwenye kisanduku chake, shingo ameinyoosha, mdomo anaufungua na kuufunga bila sauti. Mtama hakuutaka. Chini ya shingo, upande wa kulia, alikuwa na uvimbe kama ndimu.

"Mama ataniua!" nikapiga kelele.

Zibua aliweka kikombe chini, akambonyeza kuku pale penye uvimbe. "Gole hilo," akasema. "Ule mfuko anaowekea chakula kabla hakijateremka. Asubuhi linatakiwa liwe tupu. Hili limejaa na ni gumu. Limeziba." Akakunja mikono ya shati.

"Huyo si choo, baba watoto!"

"Njia ni njia."

Nilimlazimisha kwanza ampigie bwana mifugo, ambaye alikuwa kwenye chanjo ya ng'ombe mbali na hangerudi hadi Ijumaa. Alituambia tusimpe chakula, tumdondoshee mafuta ya kula matone machache kando ya mdomo, kisha maji ya uvuguvugu, na tulikande gole polepole. "Na msimgeuze kichwa chini mkidhani atatapika," akasema. "Kilichomo kitaingia kwenye mapafu, mtakuwa mmemchinja bila kisu." Kama gole lingekuwa bado gumu hiyo Ijumaa, angelipasua. Kwa kuku wa umri ule, hakuahidi kitu. Na Ijumaa hiyohiyo mchana ndiyo mama alikuwa anarudi.

Zibua alimpeleka Mpangaji dirishani, akamfunua mdomo. Kwenye koo kulikuwa na ncha ya uzi wa manjano. Tulitazamana. Ilikuwa katani, ile anayoizungusha kwenye kichwa cha bomba kabla ya kufunga kiungo ili maji yasivuje. Mafundi wenzake siku hizi wanatumia utepe mweupe wa dukani, lakini Zibua ni mbishi, katani yake haachi.

"Ivute basi!" nikamwambia.

"Tambara likinasa kwenye bomba ukalivuta ncha, linakatika. Ncha unabaki nayo mkononi, shida inabaki ndani. Kwanza unalainisha."

Akaanza na mafuta. Mimi, nikiwa siwezi kutazama, nikaenda kusafisha kisanduku cha kuku. Chini ya nyasi kavu nikakuta katani tele, imezungushwa na kusukwa duara, ncha zimefichwa kwa ndani. Kuku ameidonoa upande mmoja ikachambuka. Ule msuko naujua. Ndivyo mama alivyokuwa akinisukia kata ya kichwani nilipokuwa msichana wa kubeba ndoo. Miezi miwili Zibua alikuwa analalamika katani yake inapungua, akimlaumu muuza duka kwamba anampunja!

Nilikimbia nayo ndani. Nisiseme uongo, nilifurahi. "Tazama! Miaka minne ya huyu, huyu, kumbe mkono wake umo mfukoni mwako! Arudi tu. Atanisikia."

Zibua aliichukua, akaigeuzageuza. "Amesuka vizuri," akasema, akaitumbukiza jikoni kwenye moto.

"Ushahidi wangu huo!"

"Wa kesi gani? Aliona ubao unamuumiza kuku miguu, akamtandikia. Sasa umwambie kwamba alimtandikia kifo?"

"Lakini hajafa."

"Basi kesi haipo," akasema, akarudi kwa kuku wake.

Siku zile alirudi nyumbani kila mchana kutoka kazini. Alikaa kwenye kigoda, Mpangaji kamviringisha taulo kichwa kikiwa juu, na kwa vidole viwili vilevile vinavyokaza nati alilikanda gole taratibu, duara baada ya duara. Kwanza alimnusa mdomo. "Akinuka uchachu, hapo tuanze kuogopa," alinieleza. Hakunuka. Jumatano gole lilikuwa gumu bado. Alhamisi lilibonyea kama unga uliokandwa, lakini kuku mwenyewe alikuwa amelegea, macho nusu, na chai ya Zibua ikapoa pembeni bila kuguswa. Nilimuuliza kama atapona. "Atapona," akasema, safari hii bila kutabasamu.

Ijumaa asubuhi uzi ulikuwa umejitokeza hadi nje ya mdomo. Zibua aliushika bila kuuvuta, akangoja. Mpangaji akatikisa shingo, akakohoa, uzi ukaja kidogo. Akangoja tena. Kuku akatikisa shingo mara ya pili na bonge zima likatoka, katani iliyolowa mafuta, ndefu kama mkono wangu, imeshikamana na mtama uliovunda. Nilikaa chini sakafuni nikalia. Mpangaji akanywa maji mwenyewe, gole likajaa, na baada ya saa moja likanywea.

"Limepita," akasema Zibua, vilevile anavyosema kwenye masinki ya watu.

Bwana mifugo alifika saa nne, akambonyeza kuku na kufunga mkoba wake bila kutoa kisu. Alituagiza tumpe uji mwepesi, kidogo kidogo, siku kadhaa.

Mama aliingia saa nane. Hata begi hakuweka chini, alimchukua Mpangaji akampima kwa mikono. "Amekonda. Amefanywa nini kuku wangu?"

"Shikamoo mama," akasema Zibua. "Alimeza katani, gole likaziba. Katani ni yangu. Mfuko wangu sikuufunga."

Mama akafungua kinywa, na kile kinywa nakijua, kikianza hakisimami. Lakini macho yake yakaenda kwenye kisanduku. Alikisogelea, akainama, akaingiza mkono chini ya nyasi, kushoto, kulia. Palikuwa na maranda laini ya mbao ambayo Zibua aliyatoa kwa seremala. Mama aliyachota kiganjani, akayatazama, bado ametupa mgongo.

"Mwanangu," akasema.

Nikaitika, "Abee mama."

"Si wewe." Aligeuka, na alikuwa akimtazama Zibua. "Ile katani niliitia mimi humu. Nilikuwa naichukua kwako."

"Najua, mama."

"Ukajua, ukanyamaza?"

"Mfuko ulikuwa wazi, mama. Hilo ni kosa langu kweli."

Mama alipangusa macho kwa ncha ya kanga, akamweka Mpangaji mapajani mwa Zibua, pale ambapo tangu baba afe hakuna mtu mwingine aliyewahi kumpakata. Kisha akavuta kiti karibu.

"Nionyeshe unavyomkanda," akasema, akaketi kuitazama ile mikono.