Hata Boma la Mungu Hukaguliwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile ambayo Kukhu, bibi yangu mzaa baba, aliingia katika nyumba hii ya watawa akaenda moja kwa moja jikoni kufunua masufuria. Hakubisha hodi mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya ua kama mtu anayetafuta kuku wake aliyeibwa, na mimi nilikuwa nyuma yake nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nakuambia haya kwa sababu nimekuona ulivyoinamisha uso tulipokuwa tukinywa chai, shangazi yako alipouliza ghala letu liko wapi. Umekuja kuomba kuingia utawani, na mtu uliyekuja naye anachungulia kila shimo. Umemwonea haya. Mwache achungulie, mwanangu. Asingechungulia, ningemshuku.

Enzi hizo vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, na vijana wetu walikuwa wamerudi kutoka Burma na makoti mazito ambayo hawakuyavua hata jua likiwaka. Kwetu ni Bungoma, upande wa Lugulu. Kanisa letu halikuwa kama hili la masista: halikuwa na padri, wala mtawa, wala mshumaa. Tulikaa kimya, tukaimba, tukaomba, tukaenda nyumbani kula. Kwa watu wetu mtawa alikuwa kitu cha kutiliwa shaka. Mwanamke mzima, ana afya yake, hana mume, hana mtoto, na amefunika kichwa mchana kutwa: anaficha nini? Wengine walisema ni wagonjwa. Wengine walisema ni wake za padri. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Mimi nilikuwa nimewaona kwa macho yangu. Dada yangu Nekesa aliolewa huku Kitale, mumewe akiwa kibarua katika shamba la mzungu karibu na Kiminini. Alipofikia kujifungua mtoto wa kwanza mambo yalimharibikia, wakamleta hapa kwa masista juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alifika akiwa ameshakata roho, na mtoto tumboni. Nilikuwa nimekuja kumsaidia kazi za nyumbani, kwa hiyo nilikuwepo. Sista mmoja kutoka Uganda, jina lake Yosefina, alimwosha dada yangu taratibu, kama mtu anayeosha mtoto aliyelala, huku akiimba kwa sauti ndogo wimbo nisioujua. Nilirudi nyumbani na vitu viwili kifuani, wimbo ule na hofu ile, na sikujua kuvitenganisha.

Haukupita muda mrefu Wanjala akaja kuniposa. Alikuwa mmoja wa wale wa Burma, mtu mzima kidogo, aliyekwisha kufiwa na mke, ana baiskeli na koti lake. Hakuwa mtu mbaya. Baba alimpenda, na kaka yangu alimpenda zaidi, maana kwetu ng'ombe wa dada ndio humwozesha kaka. Siku wazee walipokusanyika nilisimama mbele yao nikasema sitaolewa na mtu yeyote, Mungu ameniita, nitakuwa sista.

Kila mmoja akaanza kunishuku kwa njia yake. Mama alinitazama tumbo. Baba alitaka jina la kijana aliyenidanganya. Mwalimu wa kanisa alikuja na Biblia yake akanisomea habari za Adamu na upweke wake. Nikamjibu kwa Paulo, ambaye aliishi bila mke na akaona ni vyema. Akauliza ni nani aliyenifundisha Paulo wa namna hiyo. Walinikasirisha sana, kwa maana hakuna aliyeniamini, na mimi nilikuwa nimekwisha kujiamini.

Kukhu peke yake aliendelea na kazi yake. Alikuwa akipepeta wimbi pembeni, akamaliza ungo wake, akauweka chini.

"Ni sawa," akasema. "Amepata mchumba. Huyo mchumba ana boma?"

"Mama, anasema ni Mungu," Baba akamwambia.

"Nimesikia, masikio yangu bado. Nauliza kama ana boma. Tangu lini sisi tunatoa msichana bila kwenda kuona mahali anapokwenda?"

Wewe ni mtoto wa siku hizi, ngoja nikueleze. Zamani msichana wa kwetu hakutolewa ovyo. Wanawake wa ukoo walitumwa kwanza kukagua boma la mwanaume. Waliangalia ghala, wakauliza majirani kama kuna wizi, uchawi au ugonjwa unaorudia watu wa nyumba hiyo, wakaonja maji ya mtungini. Kukhu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kuna boma alilolikataa kwa sababu ya mbwa. Wenyewe waliwachinjia jogoo, wakawachekea, wakawasindikiza mpaka mtoni. Wenzake wakarudi wakisifu, yeye akasema, "Mbwa wao amekonda. Watu wanaweza kujifanya wameshiba siku ya wageni. Mbwa hajui kujifanya." Wakamcheka, lakini msichana hakwenda huko.

Basi ndivyo tulivyokuja huku, Kukhu na mimi, tumepanda juu ya lori la mahindi. Njia nzima hakuniongelesha ila mara moja, kuniuliza kama Mungu huwa anapiga wake zake. Sikujua kama anatania.

Alizungumza na Sista Yosefina kwa Kiswahili alichookota kwenye mashamba ya wazungu.

"Nyinyi nakula nini hapa?"

"Ugali, mama. Maharagwe na mboga."

"Nani napika?"

"Tunapika kwa zamu. Wiki hii ni yangu."

"Na ile mukubwa yenu? Yeye pia napika, ama nakaa tu?"

"Mkubwa ndio mimi," Sista akasema, na mwiko mkononi.

Kukhu akafunika sufuria pole pole. Nilidhani ataona haya, lakini wapi. Akaenda ghalani, akatia mkono katika mahindi mpaka kiwikoni kuona kama chini yameoza. Akamvuta kando msichana mmoja wa Kibukusu aliyekuwa akiteka maji, akamuuliza kwa lugha yetu: ukiugua hapa, nani anakupa uji? Akadai kuonyeshwa wazee. "Naona wasichana tu," alisema. "Wale wa zamani nyinyi natupa wapi?" Wakampeleka kwa sista mmoja kikongwe, kipofu, aliyekuwa ameketi kwenye jua akipukuchua maharagwe, na sista mmoja kijana amepiga magoti akimkata kucha za miguu. Kukhu alisimama pale akitazama kucha zile mpaka kazi ikaisha. Tuliporudi jikoni tulikuta mbwa amelala mlangoni, mnene, mvivu, Sista akamsukuma kwa mguu ndipo tukapita. Moyo wangu ukaanza kupata matumaini.

Halafu Kukhu akauliza, "Na mukikufa?"

Hapo sauti yake ilibadilika, nami nikajua ni hili lililomleta. Kwetu zamani, mwanamke aliyezeeka bila kuolewa alikuwa taabu hata akiwa maiti. Hakuzikwa mahali pa watu. Alizikwa nje ya ua, na waliomzika waliondoka upesi bila kugeuka nyuma, na jina lake halikupewa mtoto. Kukhu aliniona mimi nikilala huko nje, na hakulala usingizi tangu nilipotangaza wito wangu. Hilo aliniambia baadaye sana.

Sista Yosefina aliweka mwiko chini. Alituongoza hadi nyuma ya kanisa, tukaona makaburi, machache, yamepaliwa vizuri, kila moja na msalaba wa mti. Yalikuwa ndani ya ua. Kukhu aliyazunguka yote. Akainama akang'oa gugu moja dogo, nadhani ili asikose kabisa la kukosoa.

"Haya," akasema. "Boma ni zuri."

Nikamrukia kumkumbatia. Akaniondoa mikono.

"Kaa chini. Boma nimelikagua. Sasa umebaki wewe."

Wakaketi wawili hao kwenye benchi la jikoni, yule mwenye wajukuu tele na yule asiyezaa, wakanitazama kwa macho ya aina moja kama wanunuzi wanaokagua mbegu. Kukhu akaniuliza swali moja tu kwa lugha yetu, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili Sista asikie.

"Wanjala akifa leo, kesho utakuja hapa?"

Nikafungua kinywa niseme ndiyo. Mwanangu, neno halikutoka. Nilijaribu kujiona nikija, nikajiona niko nyumbani kwetu napalilia wimbi, nacheka na wenzangu, sina haraka ya kwenda popote. Nikamgeukia Sista aniokoe.

"Jibu, mwanangu," akasema. "Hata mimi nataka kujua."

Nikalia. Nikasema naogopa kufa kama Nekesa. Niliyasema kwa Kibukusu, na Kukhu akamtafsiria Sista.

"Hilo ndilo neno la kweli la kwanza umesema tangu ulipoanza kuitwa," Kukhu akaniambia. "Sasa sikia. Mwanaume ukimkataa, mkatae kwa kinywa chako. Usimtume Mungu akukatalie mwanaume. Yeye si mtumwa wako wa kupeleka maneno."

Sista Yosefina akaongeza, "Mlango huu haufungwi. Rudi siku ambayo hakuna anayekufukuza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wote walinishuku: walishuku tumbo, walishuku kijana, walishuku watawa. Mimi nami niliwashuku wao. Hakuna aliyeshuku pale penyewe isipokuwa wale wazee wawili. Njia ya kurudi nilimchukia Kukhu, nakiri, lakini nilijua amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Wanjala alipokuja tena nilimwambia mwenyewe, mbele ya Baba. Nikasema, "Sitaki kuolewa na wewe. Si kwa sababu ya Mungu. Dada yangu alikufa akizaa, naogopa." Nilidhani atanitukana. Alivua lile koti lake, akalikunja kwenye magoti, akasema, "Wa kwangu pia alikufa hivyo hivyo, bana. Hata mimi naogopa." Kisha akampa Baba mkono, akapanda baiskeli yake akaenda. Baadaye alioa mwanamke wa Kimilili, wakazaa watoto wengi, na mmoja wao ni fundi aliyetujengea tangi la maji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Sote wawili tulikuwa tumeficha ugonjwa mmoja.

Baba alikasirika, kaka yangu akanuna, maana harusi yake ilisogea mbele. Kukhu akawaambia anayetaka ng'ombe akafuge. Nikakaa nyumbani, huru, hakuna aliyeniposa, hakuna aliyeniita. Nilipalilia, nikacheka, nikaenda kwenye harusi za wenzangu. Kusema kweli kuna wiki zilipita bila kuwakumbuka masista hata kidogo, na nilijiambia kumbe ilikuwa hofu tu, imekwisha. Halafu wakati wa kuvuna, asubuhi moja ya kawaida, nikiwa nimeinama kwenye maharagwe, nikajisikia naimba. Ulikuwa wimbo ule wa Sista Yosefina wa kumwoshea Nekesa. Nikatafuta hofu yangu pale ilipozoea kukaa, sikuikuta. Wimbo ulikuwa peke yake. Nikaacha maharagwe nikaenda kumwambia Kukhu.

"Ngoja tupande tena," akasema, kwa maana hakuwa mtu wa kuamini mavuno ya kwanza. Tukapanda, tukavuna tena. Ndipo aliponisimamisha uani kwetu, akanitemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyobariki, akanileta huku mwenyewe. Na kila baada ya mavuno, mpaka miguu ilipomshinda, alikuja kunitembelea. Hakuuliza habari za sala zangu. Aliuliza yuko wapi mbwa.

Sasa nawe, mwanangu. Umeniambia kwa machozi kwamba dunia imekuchosha na unamtaka Yesu peke yake. Vizuri. Mimi nakushuku. Usiudhike, nakushuku kwa upendo. Nimeishi humu nikaona wasichana wakiingia mbio mlango huu, wakiwa wamemwacha nje baba mkali, au mchumba aliyewageuka, au umaskini, na kile walichokikimbia kikaingia nao, kikaketi nao kanisani. Wala usidhani ndoa haina wakimbizi wake. Wapo wanaoolewa kwa kuogopa kusemwa, wengine kwa kuogopa upweke, na padri huwabariki hao hao, na pete haijui. Mungu hupendwa katika ndoa, hupendwa na katika utawa. Lakini usimfanye kichaka cha kujifichia. Kwa hiyo rudi nyumbani. Kitafute kile unachokikimbia, ukikute, ukitazame usoni, ukiambie ndiyo au hapana kwa kinywa chako. Kisha ukae. Ukiona bado unaimba na hakuna anayekufukuza, njoo, nami nikiwa hai nitakufungulia.

Mungu akupe moyo usioogopa kuchunguzwa. Akupe kinywa cha kusema kweli kabla ya kuweka nadhiri, na popote utakapokwenda, kwa mume au huku kwetu, akupe watu watakaokukata kucha ukishindwa kuinama. Sogea hapa karibu. Nimekutemea kidogo tu, kama Kukhu, usijipanguse.

Haya, sasa toka nje kamtafute shangazi yako. Namwona dirishani anazunguka zunguka, ameshamaliza ghala na jiko, na ameshamtazama mbwa. Anaona haya kuuliza lile lililobaki. Mshike mkono umpeleke nyuma ya kanisa, umwonyeshe mahali nilipochagua, kando ya Yosefina. Mwambie ni ndani ya ua.